Mgema Asiyesifiwa: Ulanzi na Kazi Isiyohesabiwa Nyanda za Juu Kusini

Wahenga walinena kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hiyo ilizaliwa pwani, penye minazi. Huku Nyanda za Juu Kusini tunaye mgema wa aina nyingine, agemaye mwanzi, na huyu hajapata kusifiwa na mtu. Ulanzi wake unajulikana na kila apitaye barabara kuu ya Iringa kwenda Mbeya wakati wa masika. Yeye mwenyewe hajulikani. Hoja ninayotaka kuijenga katika makala haya ni kwamba dola yetu inaifahamu vyema pombe ya kienyeji, lakini haiwafahamu watu wanaoitengeneza kuwa ni wafanyakazi. Na kwamba tusipolirekebisha hilo sasa, siku ulanzi utakapopata thamani kubwa sokoni, thamani hiyo itakwenda kwa wengine.

Tuanze na kazi yenyewe, kwa kuwa wengi wanaoizungumzia hawajawahi kuitazama. Mlanzi ni mwanzi unaopandwa mabondeni na kandokando ya mashamba, hasa katika vijiji vya Iringa, Kilolo, Mufindi na mkoa jirani wa Njombe. Mvua zinaponyesha, kichaka huchipuza. Chipukizi likiwa bado laini, mgema hulikata ncha, kisha hurudi asubuhi na jioni kulichonga upya, ganda jembamba baada ya jingine, ili utomvu uendelee kutiririka. Utomvu huo hukingwa kwa mbeta, chombo kilichokatwa kutoka kwenye mwanzi uliokomaa. Katika msimu wote hakuna Jumapili wala sikukuu, kwa sababu jeraha lisipochongwa hukauka. Aidha, chipukizi lililogemwa halikui tena kuwa mwanzi. Mgema hodari hujua ni machipukizi mangapi agema na mangapi ayaache ili kichaka kisife. Huo ni utaalamu wa kilimo na wa uhifadhi kwa pamoja, na hakuna chuo kinachoutolea cheti.

Baada ya mgema yupo mchukuzi wa madumu, na baada yake mama wa kilabuni. Wote watatu hukimbizana na saa. Ulanzi uliotoka kwenye mbeta ni mtamu, nao huitwa mtogwa. Lakini chachu ya asili huanza kazi palepale, na muda si mrefu mtogwa hugeuka mkangafu, ulanzi mkali. Ukiachwa zaidi, huishia kuwa siki. Maana ya jambo hili kiuchumi ni kubwa. Anayeuza bidhaa inayoharibika upesi hawezi kumwambia mnunuzi arudi kesho. Hupokea bei anayopewa. Masika, ulanzi unapofurika kila kijiji, bei huporomoka. Kiangazi, mtaka ulanzi haupati, na mgema hana cha kuuza. Basi umaskini wa mgema hautokani na uvivu, bali na kukosa njia ya kuihifadhi bidhaa yake.

Mkoani Mbeya sura ya kazi hubadilika, lakini hali ya mfanyakazi hubaki ileile. Huko komoni na kimpumu hupikwa kwa nafaka, na wapishi wengi ni wanawake. Mama huyo huotesha kimea, hukesha jikoni akichochea, huteka maji, hununua kuni, kisha huuza mwenyewe. Jijini Mbeya kipo pia kiwanda cha bia cha kampuni ya TBL. Mfanyakazi wa kiwanda hicho, kwa mujibu wa sheria zetu, anastahili mkataba, likizo, fidia anapoumia kazini na michango ya hifadhi ya jamii. Mama wa komoni anafanya kazi ya asili ileile, yaani kugeuza nafaka kuwa kinywaji. Akiungua kwa uji wa moto, huenda zahanati kwa fedha yake mwenyewe.

Kwa nini basi mmoja ahesabiwe na mwingine asihesabiwe? Sehemu ya jibu imo katika historia. Dola za kikoloni ziligawa vileo kwa kutazama rangi ya mnywaji. Mkataba wa Saint-Germain wa mwaka 1919 uliendeleza vizuizi dhidi ya biashara ya vinywaji vikali kwa Waafrika katika sehemu kubwa ya bara hili, na sheria za Tanganyika zikaweka pombe za wenyeji katika fungu lake, zilindwe kwa vibali na polisi. Baada ya uhuru tulifuta ubaguzi wa mnywaji, lakini fungu tuliliacha. Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 bado inatofautisha pombe ya kienyeji na vileo vingine. Tafakari, msomaji, neno hilo "kienyeji". Halisemi kinywaji kina kilevi kiasi gani, wala kimetengenezwa kwa usafi gani. Linasema ni cha nani. Sheria inayoainisha bidhaa kwa kumtazama mwenyewe haiwezi kumwona mwenyewe huyo kuwa mzalishaji.

Najua pingamizi litakalotolewa, nalo ni zito. Pombe huvunja nyumba. Hula ada za watoto, na madhara yake kwa afya, pamoja na saratani, yamethibitishwa. Katika vijiji vingine masika ya ulanzi ni msimu wa ugomvi na mashamba yasiyopaliliwa. Sikusudii kuyapuuza haya. Lakini madhara hayo hayabagui chupa na kopo. Serikali ilipopiga marufuku pombe za viroba tarehe 1 Machi 2017, ilikuwa inashughulikia zao la viwanda vyenye leseni, wala si la mbeta. Tena tusichanganye mambo: ulanzi na komoni huchachushwa tu, wakati gongo hukenekwa, nayo imekatazwa kwa sheria ya mwaka 1966. Hatari kuu za ulanzi ni ulevi wa kupindukia, maji machafu, vyombo visivyooshwa na wachanganyaji wasio waaminifu. Hatari za namna hiyo hupunguzwa na mkaguzi anayemfahamu mtengenezaji kwa jina. Huongezeka mtengenezaji anapofanya kazi kwa kujificha.

Wenzetu wamepita njia hii, na makosa yao ni shule kwetu. Uganda ilitunga Sheria ya Enguli mwaka 1965. Watengenezaji wa vijijini waliruhusiwa kukeneka kwa leseni, mradi wauze zao lao kwa kiwanda, na kiwanda kikalisafisha na kulitia chupani kwa jina la Uganda Waragi. Kinywaji kikapata heshima na alama ya biashara. Wakenekaji wakabaki wauza malighafi au wavunja sheria. Kenya nayo, kwa sheria ya mwaka 2010 iliyozoeleka kwa jina la Sheria ya Mututho, iliondoa marufuku ya chang'aa. Hata hivyo masharti ya leseni, viwango na vifungashio yalikuwa ya kiwanda. Mama wa mtaani aliyekuwa mhalifu kabla ya sheria aliendelea kuwa mhalifu baada yake.

Upo pia mfano wa upande wa pili. Tangu mwaka 1976, na kwa miongo mingi iliyofuata, Uingereza ilimsamehe ushuru mtengenezaji mdogo wa pombe ya matufaha asiyezidi lita 7,000 kwa mwaka. Msamaha huo uliwawezesha wakulima wenye bustani ndogo kuendelea na ufundi wa mababu zao bila kumezwa na makampuni. Na hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Sheria yetu wenyewe ya ushuru wa bidhaa hutoza kiwango cha chini kabisa kwa mvinyo ambao zaidi ya asilimia 75 ya zabibu zake ni za nchini, kwa nia ya kumlinda mkulima wa Dodoma. Na Arusha, kinywaji cha ndizi kilitiwa chupani na mwekezaji mzawa tangu miaka ya 1990. Basi tukitaka, tunaweza. Zabibu ilitetewa kwa sababu ilikuwa na wasemaji. Mlanzi hauna msemaji.

Nini kifanyike? Kwanza, tuwahesabu. Ofisa ugani wa kata yenye milanzi aiandike katika taarifa zake kama anavyoandika mahindi, chai na parachichi, pamoja na idadi ya wanaoigema. Pili, Shirika la Viwango, lililokabidhiwa usalama wa chakula mwaka 2019, liweke viwango vya ngazi: ngazi ya kwanza iwe ya usafi wa maji, vyombo na mikono, ambayo mgema yeyote ataimudu, ya chupa na maabara ije baadaye. Tatu, vyuo vyetu vya Mbeya, Iringa na Morogoro, kwa kushirikiana na SIDO, vishughulikie swali moja la kisayansi lenye faida ya haraka: namna rahisi ya kuzuia uchachu ili mtogwa ukae wiki mbili bila kuharibika. Tangu Louis Pasteur alipofanya majaribio yake juu ya mvinyo katika miaka ya 1860, dunia inajua kanuni yake. Kinachokosekana ni chombo cha bei ya kijijini. Nne, mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu iwafikie, na kikundi kisione haya kuandika neno "ulanzi" kwenye fomu.

La tano ndilo la msingi. Wagema wawe na ushirika wao chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013, kabla mwekezaji hajafika. Siku ulanzi wa chupa utakaposimama kwenye rafu za maduka ya Dar es Salaam, swali halitakuwa kama kinywaji ni kizuri. Litakuwa kama jina lililoandikwa kwenye chupa ni la wanaoamka alfajiri kuchonga chipukizi, au la mtu ambaye hajawahi kushika mbeta. Swali hilo hujibiwa mapema, wakati utomvu bado hauna bei.

Wanafunzi wanaotafuta mada za tasnifu, wanaharakati wanaotetea haki za wafanyakazi, na watumishi wa halmashauri wanaoandaa mipango ya maendeleo, kila mmoja ana sehemu yake hapa. Hatudai mgema asifiwe. Tunadai ahesabiwe, alindwe na alipwe. Mwenye kulipwa haki yake hana sababu ya kulitia tembo maji.