Mzigo Una Makao, Mtu Hana

Wapo wanaoeleza kwa urahisi mno sababu za wakazi kuondoka katikati ya jiji la Dar es Salaam. Husema kwamba watu wamechoshwa na makelele, joto, foleni na majitaka. Kwamba kila Mtanzania hutamani kiwanja chake, mwembe wake na banda lake la kuku. Na kwamba aliyeuza nyumba Kariakoo akaenda kujenga Kivule au Chamazi amejiendeleza. Maelezo hayo yana chembe ya ukweli, nasi hatuikani. Lakini sisi tunaowatembelea waamini nyumba kwa nyumba tunafahamu kwamba wengi wa waliotoka Kariakoo na Gerezani hawakuhama bali walihamishwa. Kuhama ni tendo la mtu mwenye hiari, na kuhamishwa ni jambo analotendewa. Anayeyachanganya maneno haya mawili humwondolea lawama aliyetenda.

Wala tusidanganyike kwamba jiji linapungua. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika mkoa wa Dar es Salaam, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu 5,383,728. Watu wanaongezeka, lakini wanaongezeka pembezoni. Swali letu basi ni hili: ni nani anayetolewa katikati, na nafasi yake inachukuliwa na nani?

Nyumba ya vyumba sita

Msomaji asiyeifahamu Kariakoo ya zamani yafaa aelezwe jinsi nyumba zake zilivyokuwa. Mbele palikuwa na baraza. Ndani, ukumbi mwembamba uliogawa vyumba sita, vitatu kila upande. Nyuma, ua wenye jiko, bafu na choo. Mwenye nyumba alikaa katika chumba kimoja au viwili, na vilivyobaki alivipangisha. Hivyo chini ya paa moja walikaa mwenye mali na asiye na mali, Mzaramo na Mnyamwezi, Mwislamu na Mkristo, mjane, karani na kuli wa bandarini. Walitumia ua mmoja, walizikana, na watoto wao walionywa na mtu mzima yeyote aliyekuwa karibu. Hatusemi kwamba palikuwa peponi. Palikuwa na msongamano, ugomvi wa maji na vyoo vilivyofurika. Hata hivyo nyumba ile ilitenda jambo ambalo ghorofa nyingi za leo hazilitendi: ilimpa maskini mahali pa kulala ambapo angeweza kutoka na kwenda kazini kwa miguu.

Leo chumba hicho kina mpangaji mwingine. Tangu biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, na hasa tangu Kariakoo ilipokuwa soko la wafanyabiashara kutoka Zambia, Kongo, Malawi na Komoro, marobota ya nguo na maboksi ya vyombo yamehitaji mahali pa kuwekwa. Chumba walimolala watu watano, kikigeuzwa stoo, huleta kodi ambayo familia ya mchuuzi haiwezi kuilipa. Ukuta wa mbele ukikatwa fremu, hulipwa kodi na juu yake kilemba. Robota halihitaji choo, haliugui, halizai, wala halina msiba wa kulichelewesha kulipa. Kwa hesabu ya fedha peke yake, robota ni mpangaji bora kuliko binadamu. Na jiji linaloongozwa na hesabu hiyo peke yake limekwisha kuamua kwamba mzigo uwe na makao na mtu asiwe nayo.

Hatua inayofuata ni kuvunja. Mara nyingi nyumba ni ya urithi, na hati bado ina jina la babu aliyefariki zamani. Dalali hamwendei bibi anayekaa ndani. Humtafuta mrithi mwenye shida, aliye mbali, asiyekumbuka hata harufu ya ua ule. Fedha hutajwa, ndugu hugawanyika, shauri huenda mahakamani, na mwishowe nyumba huuzwa ili ugomvi uishe. Mrithi hupata fungu lake, dogo au kubwa. Mpangaji aliyekaa miaka ishirini hupewa notisi. Mababu zetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika Kariakoo ya leo mgeni anakuja na mwenyeji anafungasha virago.

Waliotangulia kuondolewa

Si mara ya kwanza watu kupangiwa pa kukaa katika mji huu. Chini ya wakoloni Wajerumani na baadaye Waingereza, mji uligawanywa: Uzunguni, Uhindini, na mitaa ya Waafrika iliyoanzia Kariakoo, huku uwanja wa Mnazi Mmoja ukiwatenganisha. Mwaka 1971 Serikali ilitaifisha majumba ya kupangishwa yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Nia ilikuwa kukomesha unyonyaji, lakini miongoni mwa walionyang'anywa walikuwamo wazee walioishi kwa kodi hiyo tu, na Watanzania wengi wenye asili ya Asia waliihama nchi. Mwaka 1983, kwa Sheria ya Nguvu Kazi, watu walioitwa wazururaji walikamatwa mitaani na kusafirishwa kwenda vijijini. Wengi wao walirudi, kwa sababu kilichowaleta mjini hakikuwa kimeondolewa.

Matendo hayo yalikuwa na makosa makubwa, lakini yalikuwa na jina, tarehe na sahihi. Mtu aliweza kusema: sheria hii ni mbaya, na waziri huyu ameitia saini. Uhamisho wa leo hauna sahihi ya yeyote. Mwenye kiwanja husema ni bei ya soko. Mjenzi husema ni mapatano ya hiari. Ofisi ya ardhi husema imetoa kibali kwa mujibu wa taratibu. Kila mmoja ana karatasi yake safi, na mwisho wa mtaa kuna mama mwenye watoto watatu na godoro juu ya mkokoteni. Dhambi iliyogawanywa kwa watu wengi haipungui uzito.

Yapo pia yaliyofanywa na sheria kwa kunyamaza. Sheria ya Kuzuia Ongezeko la Kodi ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005. Ilikuwa na kasoro zake, nasi hatuombi irudishwe kama ilivyokuwa. Lakini ilipoondoka haikuachwa kinga ya kutosha mahali pake. Tangu hapo imekuwa desturi mpangaji kudaiwa kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo, jambo ambalo kwa mtu anayepata riziki siku kwa siku ni sawa na kufungiwa mlango. Mabaraza ya Ardhi na Nyumba ya Wilaya yapo, lakini baraza linaweza tu kuusimamia mkataba uliopo. Halina kipimo cha kuamua kwamba kodi fulani ni ya haki na nyingine ni ya dhuluma.

Kodi ya pili

Aliyetolewa Kariakoo hakuiacha kazi yake Kariakoo. Huu ndio ukweli ambao wasifiaji wa pembezoni hawautaji. Aliyehamishiwa Mbagala, Gongo la Mboto au Chanika hurudi kila siku kuuza, kubeba, kushona, kupika na kufagia mahali pale pale alipokuwa akilala. Tuhesabu pamoja. Mtu anayebadili basi mara moja hulipa nauli nne kwa siku. Kwa siku 26 za kazi hizo ni nauli 104 kwa mwezi. Mume na mke wakifanya kazi mjini, ni nauli 208. Hiyo ndiyo kodi ya pili, na haimjengei mtu hata tofali moja.

Juu ya nauli kuna saa za maisha. Mama huondoka saa kumi za usiku na kurudi saa tatu usiku, na watoto humwona Jumapili. Mzee mwenye kisukari, aliyekuwa akienda kliniki ya Mnazi Mmoja kwa miguu, sasa hukosa tarehe zake. Jumuiya Ndogo Ndogo hubaki na wanajumuiya wachache, kisha haibaki. Jirani zetu Waislamu wanaona vivyo hivyo: misikiti hujaa adhuhuri kwa wafanyabiashara, na usiku hukosa wakazi wa jirani. Mtaa usio na wanaolala ndani yake hauna wa kupiga kelele mwizi au moto unapoingia.

Hoja ya maendeleo

Tutajibiwa kwamba jiji haliwezi kubaki na nyumba za udongo na mabati kwa ajili ya huruma. Kwamba ardhi ya katikati ni ghali na lazima ijengwe kwenda juu. Tunakubali ijengwe kwenda juu. Ghorofa si dhambi. Kinyume chake, ghorofa nne tu juu ya kiwanja kile kile zingeweza kulaza watu wengi kuliko nyumba ya vyumba sita. Tunachohoji ni kwa nini kila ghorofa inayoongezwa huongeza maduka na stoo, na mwenyeji hapati hata mlango mmoja.

Aidha, hayo yanayoitwa maendeleo yamewaua watu. Siku ya Ijumaa Kuu, tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa nyingi lililokuwa likijengwa katikati ya jiji liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo liliporomoka Kariakoo yenyewe, watu zaidi ya 20 wakafa, na wengine wakanaswa siku kadhaa chini ya kifusi. Haraka ya kupata kodi haijali nguzo wala mtu.

Soko la Kariakoo, lililofunguliwa mwaka 1975, lilipoungua tarehe 10 Julai 2021, uchunguzi uliamriwa na Serikali ikatoa fedha za kulijenga upya. Ilifanya vema. Lakini vyumba vya wapangaji vinapovunjwa kimoja kimoja, mtaa kwa mtaa, hakuna uchunguzi unaoamriwa.

Na asiseme mtu kwamba haiwezekani. Kaya 644 zilizoondolewa Magomeni Kota mwanzoni mwa miaka ya 2010 zilisubiri takribani miaka kumi, na kusubiri huko kulikuwa mzigo mzito; lakini orodha ya majina ilitunzwa, na majengo mapya yalipozinduliwa Machi 2022 walitambuliwa kuwa ndio wenye haki ya kuingia. Kilichowezekana ng'ambo ya bonde la Jangwani kinawezekana Kariakoo.

Shamba la Nabothi

Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21, kinatusimulia habari za Nabothi na mfalme Ahabu. Tukumbuke kwamba Ahabu hakuanza kwa wizi. Alitoa shamba jingine lililo bora, au fedha. Uovu ulianza pale Nabothi alipokataa na kukataa kwake kusikubaliwe. Hali ya mpangaji wetu ni duni kuliko ya Nabothi, kwani Ahabu angalau aliuliza.

Mafundisho ya Kanisa hayana utata. Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake juu ya kazi wa mwaka 1981, alifundisha kwamba mtu ana nafasi ya kwanza mbele ya mtaji. Tume ya Kipapa ya Haki na Amani ilitoa mwaka 1987 waraka ambao jina lake ni swali: umemfanyia nini ndugu yako asiye na makao? Humo ilifundisha kwamba makao ni hitaji la jamii na si bidhaa tu ya sokoni. Papa Fransisko, mwaka 2015, alifundisha kwamba maskini wakilazimika kuhamishwa, waelezwe mapema, wapewe makao mbadala yenye staha, na washirikishwe katika uamuzi.

Tunayoyadai

Kwa hiyo tunadai. Kwanza, kisitolewe kibali cha kuvunja nyumba yenye watu kabla ya orodha ya wote wanaolala humo kuwasilishwa, wakiwamo wapangaji, pamoja na muda wa notisi unaotosha na malipo ya usumbufu. Pili, familia inayotoa kiwanja chake ipate sehemu yake ya jengo kwa hati, kama Sheria ya mwaka 2008 ya kumiliki sehemu za jengo inavyoruhusu, badala ya bahasha ya fedha inayokwisha kabla ya msingi wa nyumba mpya. Tatu, sehemu ya kila ghorofa jipya katika Kariakoo iwe ya kulala watu wa kipato cha kawaida. Nne, itungwe sheria ya upangaji inayozuia kudai kodi ya mwaka kwa mkupuo na kuyapa mabaraza kipimo cha kodi ya haki. Tano, taasisi zote za dini zenye viwanja mjini, zetu zikiwa za kwanza, zifuate masharti haya kabla ya kulazimishwa na sheria.

Jina la Kariakoo latokana na kikosi cha wapagazi wa Kiafrika waliokusanywa hapo na Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Walibeba mizigo ya vita isiyokuwa yao, makumi ya maelfu wakafa katika Afrika Mashariki, na wengi wao walizikwa bila jina kuandikwa. Wanaobeba mizigo leo katika mitaa ya Kongo, Sikukuu na Narung'ombe wasiondolewe bila jina. Tunaziagiza kamati za Haki na Amani za parokia za katikati ya jiji zianze wiki hii, kwa kushirikiana na wenyeviti wa mitaa na jirani zetu wa dini nyingine, kuandika kila nyumba, kila chumba, na kila mtu anayelala humo, na muda aliokaa. Kibali kitakapoombwa, orodha iwe imekwisha kufika mezani.