Yafaa Chumba cha Kompyuta Kifunguliwe Jumamosi

Henry Stanley alipofika Kwihara mwezi wa Juni 1871, aliukuta hapo msafara wa Dk. Livingstone umekwama, pamoja na mfuko wa barua ulioandikwa tarehe Novemba 1, 1870. Livingstone mwenyewe alikuwa mbali, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na njia ya Ujiji ilikuwa imezibwa na vita vya Mtemi Mirambo na Waarabu. Basi barua zikalala. Zilimfikia mwenyewe huko Ujiji Novemba 1871, yapata mwaka mzima. Nyumbani kwetu ni Kwihara, na wageni waendao kulitazama lile tembe huulizia zaidi habari za safari na mikutano. Mimi hukumbuka ule mfuko. Ulikuwa umekwisha vuka pori lote kutoka Bagamoyo, ukashindwa kipande cha mwisho.

Naona elimu ya fizikia shuleni petu imekwama vivyo hivyo. Masomo yamekwisha fika Tabora. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada katika maktaba yake ya mtandaoni. Shule Direct hutoa masomo ya sekondari kwa kufuata mtaala wetu. Huko Marekani, Chuo Kikuu cha Colorado kimekuwa kikitengeneza tangu 2002 majaribio ya kuigiza yaitwayo PhET, ambamo mtu huunga betri, waya na globu kwenye kioo cha kompyuta, akaona jinsi mkondo upitavyo. Hayo yote hayadai ada. Kompyuta nazo tunazo. Lakini chumba hufunguliwa wakati wa kipindi tu, na Jumamosi baada ya usafi mlango una kufuli.

Najua hoja ya walimu wetu: wanafunzi wakiachiwa mtandao watatazama muziki na mpira. Hoja hiyo si ya kubezwa, kwa maana tunajuana. Lakini dawa ipo. Majaribio ya PhET yaweza kupakuliwa na kutumika bila intaneti, na masomo ya Khan Academy hupatikana katika programu ya Kolibri, iliyotengenezwa kwa ajili ya mahali pasipo na mtandao. Mwalimu akipakua Ijumaa, Jumamosi mtandao uzimwe kabisa. Atakayekuja kutafuta muziki ataambulia ukinzani wa waya.

Hata hivyo kutazama peke yake hakutoshi, na hapa nasema na wanafunzi wenzangu. Chukueni mfano mdogo. Taa nyekundu ya LED, iliyong'olewa katika redio mbovu, hutaka volti 2 hivi. Betri tatu za volti 1.5 zikiungwa mfululizo hutoa volti 4.5. Ukiiunga taa moja kwa moja huenda ikaungua, kwa hiyo hapana budi kuweka rezista ichukue zile volti 2.5 zilizozidi. Ukitaka mkondo wa ampea 0.01, kanuni ya Ohm yakupa omu 250. Ukienda kununua, iliyo ya kawaida ni ya omu 270, nayo ina mistari myekundu, zambarau na kahawia, kisha mstari wa nne wa kuonyesha usahihi wake. Hesabu ya namna hii niliipatia alama zote kidato cha tatu, na wakati huo nilikuwa sijapata kuishika rezista mkononi.

Niliishika likizo ya Desemba kwa fundi redio mmoja mjini Tabora, simu ya kaka yangu upande huu na mita ya fundi upande huu. Fundi yule aliishia darasa la saba, lakini husoma mistari ya rezista upesi kuliko mimi nisomavyo saa. Video ilinieleza kwa nini transista hukuza mkondo mdogo. Fundi alinionyesha ipi imekufa. Sijui ningejifunza nini kama ningekosa mmoja wao.

Wapo wasemao kwamba mambo ya mtandaoni hayaaminiki. Mengine kweli hayaaminiki. Lakini mwaka 1963, kabla ya mitandao, Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu huko Magamba, Lushoto, aliona mchanganyiko wa maziwa aliouweka katika friji ukiwa moto umeganda mapema kuliko uliopoa. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Alipokuwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza Dk. Denis Osborne, aliyekuwa akifundisha fizikia chuoni Dar es Salaam, na wenzake wakamcheka. Osborne akaenda kulijaribu jambo lile, na mwaka 1969 wakaliandika pamoja. Wataalamu wangali wakibishana. Litafute mtandaoni, utaambiwa ndiyo na hapana kwa siku moja. Nani ataamua, kama si bilauri mbili, kipimajoto na friji?

Ninachoomba ni muda wa saa mbili kila Jumamosi alasiri, mwalimu mmoja wa zamu, na rafu moja katika maabara. Wazazi wetu, redio na tochi zilizokufa msizitupe. Zileteni siku ya kikao. Televisheni za zamani zenye kioo kinene zisiletwe, maana umeme mkali waweza kukaa ndani yake hata baada ya kuzimwa. Wala mwanafunzi asiguse waya wa ukutani wenye volti 230, hata kama kijana fulani wa video ameugusa huku anacheka. Betri zatutosha.

Sisi wa kidato cha nne hatutafaidi sana, kwani mtihani wa taifa u karibu. Lakini wadogo zetu wa kidato cha pili huniuliza usiku bwenini namna ya kusoma ile mistari, nami huwachorea kwa kalamu za rangi, maana sina rezista hata moja ya kuwaonyesha.