KAZI ZA MIKONO: RANGI YA MASHINE KUUKUU



Vijana wenye karakana huko Unga Limited, Arusha, wamenunua mashine kuukuu ya kukereza chuma, nao wauliza: tupake rangi gani ing'ae kama mpya, kisha tuiuze? Mimi ni mwalimu wa madrasa, si fundi wa rangi. Niliwauliza wazee wa kazi hiyo kabla ya kushika kalamu, wakanijibu kuwa suali limeanzia mwisho. Rangi ya juu ni jambo dogo. Kazi yote imo katika rangi ya kwanza, ile iitwayo praima madukani, na katika hali ya chuma kitakachoipokea.

Chuma cha kusubu kina vinyweleo, na mashine iliyotumika miaka mingi imekunywa mafuta hata ndani. Ukipaka rangi juu ya mafuta hayo, itashika siku chache kisha itabanduka kama ganda la kitunguu. Ukipaka juu ya kutu, kutu itakula chini kwa chini nawe huioni. Kwa hiyo hapana budi kuiosha kwa maji ya moto na sabuni kali, kuikausha, kisha kuipangusa kwa thina, ukibadili vitambaa mpaka kimoja kitoke bila weusi. Mafuta ya taa hayatoshi, kwani yenyewe huacha utando.

Kwa mashine ya kazi nyepesi, praima nyekundu ya oksaidi na rangi ya mafuta juu yake zatosha, na bei yake ni nafuu. Lakini mashine ya kukereza hurushiwa mafuta kila siku. Hiyo yastahili praima ya epoksi, ya makopo mawili yachanganywayo. Tena wengi hughafilika na jambo hili: rangi za magari zenye thina kali, zikipakwa juu ya praima ya mafuta, huikunja yote kama ngozi iliyoungua. Afadhali praima na rangi za kiwanda kimoja, na maandishi ya kopo yasomwe kabla ya kufunguliwa.

Hali ya hewa ya kwetu nayo ina hukumu yake. Juni na Julai, ukungu ukishuka kutoka Meru, chuma huwa baridi asubuhi na huvuta umande usioonekana, na epoksi huchelewa kukauka. Ngojeni jua likipashe chuma, na praima ipakwe siku ile ile kilipokwaruzwa. Njia za kuteleza, matundu ya mafuta na kibao cha jina la mtengenezaji visipakwe. Wala rangi hizi zisitiwe ndani ya mashine ya kusaga unga au ya kumenya kahawa, mahali panapogusa chakula.

Juu ya praima mafundi hutia puti ya kuzibia mashimo, na hapo ndipo penye mtihani wa mwenye kuuza. Kuziba mashimo madogo ili uso uwe laini hakuna neno. Ama kuziba ufa wa mwili wa mashine na kuupaka rangi ili mnunuzi asiuone, hiyo ni ghishi, hata kama rangi ni ya thamani. Mtume (s.a.w.) alitia mkono katika fungu la chakula sokoni akakuta unyevu chini, akamkemea mwenye mali kwa kutouweka juu watu wauone. Ufa nao uonyeshwe, na bei ipangwe kwa ufa.

Linalozihusu zaidi nyumba zetu ni rangi ya zamani inayoondolewa. Hapo kale praima iliyosifiwa mno kwa chuma ilikuwa ya risasi nyekundu, na rangi nyingi za juu zilitiwa risasi pia. Marekani ilipiga marufuku rangi za nyumba zenye risasi mwaka 1978, na Shirika la Afya Duniani lasema hakuna kiasi cha risasi kijulikanacho kuwa ni salama kwa mtoto, kwani huharibu ubongo unaokua. Si kila mashine kuukuu inayo, lakini kwa macho haijulikani. Basi rangi hiyo ikwaruzwe ikiwa imelowana, isisuguliwe kavu wala kuchomwa moto, na iwe mbali na nyumba na madrasa. Mkwaruzaji avae barakoa ya kuzuia vumbi jembamba, si leso tu. Abadili nguo kabla ya kumbeba mtoto, na zifuliwe peke yake. Maganda yafungwe mfukoni, yasitupwe mferejini wala migombani. Na mama wa nyumba akiikataa kazi hii uani kwake, mume asimwone mkaidi. Haki iko kwake.

Mwezi ujao, inshaallah, tutajibu suali la cherehani zilizoshika kutu. Wassalaam.