Maradhi ya Nyumba Nzima

Katika Kyela, nchi ya joto, mpunga na mbu, zimo nyumba zenye kijana mwenye selimundu. Chembe za damu yake hupinda kama mundu, nazo zikisongamana katika mishipa, mifupa humwuma hata asilale. Mara nyingi mama ndiye akeshaye naye, na mama huyo huyo ndiye alaumiwaye, ati ukoo wake una damu mbaya.

Si haki hata kidogo. Maradhi haya hurithiwa kwa baba na kwa mama sawasawa, nao wenyewe aghalabu ni wazima. Wala si laana: mwaka 1954 Daktari Allison, aliyelelewa Kenya, alionyesha ya kuwa aliyerithi kwa mzazi mmoja tu hukingika na ukali wa malaria.

Basi yampasa baba naye kukesha. Njia ya kwenda hospitali ya Mbeya hupita Tukuyu penye baridi, na baridi huamsha maumivu. Na achukue yeye blanketi. Ninyi ndugu zake choteni maji, maana mgonjwa huyu hana budi kunywa sana. Tena kijana mwenyewe aulizwe, kwa kuwa afikapo miaka 14 hutambua kabla ya wote maumivu yanapoanza.