Vitabu vya picha: Mtoto wa Bariadi asomewe kipi?

MKOA wa Simiyu ulipoanza kutajwa kwa sauti kubwa katika habari za elimu nchini, ulitajwa kwa sababu ya kambi za kitaaluma. Katika miaka ambayo Anthony Mtaka alikuwa mkuu wa mkoa huo, kati ya mwaka 2016 na 2021, wanafunzi wa madarasa ya mitihani walikusanywa pamoja na kufundishwa na walimu waliobobea katika masomo yao, na matokeo ya mitihani yakawa mazungumzo ya kila kikao mkoani humo.

Lakini mtihani ni mwisho wa safari. Mwanzo wake uko katika darasa la awali, mahali ambapo mtoto wa miaka mitano anakutana na maandishi kwa mara ya kwanza, na huko hakuna kambi. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imeweka mwaka mmoja wa elimu ya awali kabla ya mtoto kuingia darasa la kwanza akiwa na miaka sita. Mwaka mmoja tu. Kwa mtoto wa Itilima au Meatu, ambaye nyumbani husikia Kisukuma kutwa kucha, mwaka huo una kazi mbili kwa pamoja: kuijua lugha ya Kiswahili na kujiandaa kuisoma.

Ndiyo maana swali la kitabu gani cha picha kinunuliwe si la anasa wala la watoto wa mijini peke yao. Picha humwondolea mtoto mzigo mmoja kati ya hiyo miwili. Akionyeshwa ng'ombe atasema ng'ombe, kwa kuwa jina hilo ni lilelile katika Kisukuma na Kiswahili. Akionyeshwa mbuzi atasema "mbuli", na mwalimu atamjibu "mbuzi", nao watakuwa wamepiga hatua ambayo ubao na chaki haviwezi kuipiga kwa urahisi.

Kwa kipimo hicho, kitabu cha kwanza kustahili kupendekezwa ni "Mbuzi, Mbwa na Ng'ombe", hadithi fupi ya wanyama watatu waliopanda teksi. Ng'ombe alilipa nauli kamili, mbwa akalipa zaidi akabaki kudai chenji, na mbuzi akateremka na kukimbia bila kulipa. Tangu hapo, hadithi inaeleza, mbuzi hulikimbia gari, mbwa hulifukuza, na ng'ombe hukatiza barabara bila haraka. Mtoto aliyewahi kuona basi likisubiri kundi la ng'ombe lipite haitaji kufafanuliwa lolote. Cha pili ni "Kuku na Jongoo", kwa maneno yake machache na kichekesho kinachoeleweka hata kabla ya kusomwa. "Wimbo wa Sakima" wa Ursula Nafula, unaosimulia habari za mvulana asiyeona mwenye kipaji cha kuimba, ni mrefu zaidi na unafaa watoto wa darasa la kwanza au la pili, au mtoto mdogo mwenye mtu mzima wa kumsomea taratibu.

Vitabu hivyo vitatu vinapatikana bure katika hazina ya African Storybook, iliyofunguliwa mwaka 2014 na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini. Leseni yake inaruhusu mtu yeyote kunakili, kutafsiri, kurekebisha na kuchapa. Kasoro yake ni kwamba sehemu ya tafsiri za Kiswahili zimefanywa kwa lugha ya Kenya. Huko nyanya ni bibi. Katika soko la Bariadi nyanya huuzwa kwa fungu. Mwalimu asiyesahihisha neno hilo kabla ya kuchapa atavuna vicheko asivyovitarajia. Bahati nzuri leseni inamruhusu kusahihisha.

Jambo jingine ambalo wachaguzi wa vitabu walioko Dar es Salaam hawalifikirii ni tembo. Katika vitabu vingi vya watoto, viwe vya nje au vya hapa nchini, tembo ni mnyama mpole mwenye tabasamu. Katika vijiji vinavyopakana na Pori la Akiba la Maswa na Hifadhi ya Serengeti, tembo ni mgeni wa usiku anayekula shamba la mwaka mzima. Kitabu hicho kisikataliwe kwa sababu hiyo. Pengine ndicho kitakachoibua mazungumzo marefu kuliko vyote. Ila mwalimu ajue kwamba watoto wake hawataitazama picha ile kwa macho ya mchoraji.

Habari ya mchoraji ni sura nyingine katika suala hili. John Kilaka, msanii wa Tingatinga mwenye asili ya Rukwa, alipata tuzo kwenye maonyesho ya vitabu vya watoto ya Bologna, Italia, mwaka 2005, kwa kitabu ambacho, kama vingine vyake, kilitoka kwanza Uswisi kwa Kijerumani. Hivi sasa Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania na iliyotolewa kwa mara ya kwanza Aprili 2023, imeongeza kipengele cha hadithi za watoto. Ni hatua njema. Lakini katika kitabu cha mtoto wa miaka mitano mchoraji ni mwandishi mwenza, na hadithi nzuri iliyochorwa kwa kulipua haitamfikisha mtoto popote.

Je, nani atavilipia? Utaratibu wa elimu bila malipo ulipoanza mwaka 2016, ruzuku ya shule ya msingi ilikuwa sh. 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, sh. 4,000 kati ya hizo zikibaki serikali kuu kwa ajili ya vitabu vya kiada. Kitabu cha hadithi hakimo humo. Mpango wa EQUIP-Tanzania, ulioihusisha Simiyu hadi mwaka 2020, uliwaandaa watoto wa vijijini kuanza shule kwa hadithi, nyimbo na michezo. Mradi wa Shule Bora ulianza kazi mkoani humo mwaka 2022. Miradi huja na huondoka. Idadi ya watu haisubiri: sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,584,157 mkoani Simiyu, na ile ya mwaka 2022 ilihesabu 2,140,497.

Halmashauri za mkoa huo ziko sita, na zote hukusanya ushuru wa pamba. Sehemu ndogo ya makusanyo hayo ingetosha kuchapa hadithi kumi zisizo na malipo ya hakimiliki, kwa karatasi kubwa ambayo mtoto aliyeketi nyuma ya darasa ataiona, na bajeti ya kazi hiyo inaweza kujadiliwa na madiwani kabla msimu ujao wa ununuzi haujafunguliwa.