Vijana waachwe waandike kwa lugha waijuayo

Kumezuka miongoni mwa vijana wetu wanaopenda kompyuta mtindo ambao hatuna budi kuukemea. Kijana aazimiapo kujitengenezea tovuti kwa kujifurahisha, tuseme ya kuweka matokeo na msimamo wa ligi ya mtaani kwao, huambiwa kabla hajaandika hata mstari mmoja kwamba lugha ya programu aliyoichagua imepitwa na wakati. Huiacha akaanza nyingine, kisha nyingine tena. Msimu wa ligi humalizika na tovuti haipo.

Lugha inayodharauliwa zaidi ni PHP. Twakiri kwamba ina ila. Amri zake hazikupangwa kwa utaratibu mmoja: hii hutaka itajiwe kwanza kitu kinachotafutwa, ile hutaka itajiwe kwanza mahali pa kukitafuta. Isitoshe, mwanagenzi asiyechuja yale yanayoandikwa na wageni katika tovuti yake huwafungulia wezi mlango, ingawa kosa hilo lawezekana katika lugha yoyote.

Hata hivyo, wanaoicheka wamesahau ilikotoka. Rasmus Lerdorf aliianza mwaka wa 1994 kwa ajili ya ukurasa wake mwenyewe, yaani mradi wa aina hii hii tunayoizungumzia. Leo Wikipedia yaendeshwa kwa lugha hiyo. Jukwaa la Ushahidi, lililozaliwa humu nchini mwaka wa 2008 wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, lilienea katika nchi nyingi likiwa limeandikwa kwa PHP.

Kwa asiye na fedha, faida yake ni dhahiri. Faili hunakiliwa katika seva ya kukodi ya bei nafuu, na ukurasa hufunguka papo hapo. Python ni lugha safi, nyepesi kusomeka, wala hatumkatazi aliyekwisha kuifahamu; lakini aghalabu humlazimu mwenye tovuti kuweka programu inayofanya kazi saa zote na kuichunga mwenyewe. JavaScript nayo haikwepeki pindi ukurasa utakiwapo kubadilika mbele ya msomaji, maana ndiyo lugha ya vivinjari.

Tena wapo wasiohitaji yoyote kati ya hizo. Jedwali linalobadilishwa kila Jumapili jioni latoshelezwa na HTML tupu.

Twawasihi walimu na mafundi wanaoombwa ushauri wamuulize kijana kwanza tovuti yake itahifadhi nini, na ni lugha gani aijuayo yule atakayemsaidia mambo yakikwama. Wakishajibiwa hayo, wamwache aandike.