Mgonjwa wa Akili na Mlango Ulio Wazi

Mwaka jana mwanafunzi wangu mmoja wa mwaka wa tatu aliacha ghafla kuhudhuria mihadhara. Alikuwa hodari wa fonolojia, mwenye kuuliza maswali yaliyonilazimu kurudi maktabani. Wenzake waliponieleza kwamba hapati usingizi na kwamba hujifungia chumbani akizungumza peke yake, nilimhimiza aende katika zahanati ya chuo. Alikwenda mara tatu. Mara ya kwanza alitibiwa malaria, mara ya pili homa ya matumbo, na mara ya tatu akapewa dawa ya kutuliza maumivu ya kichwa. Hatimaye jamaa zake walikuja wakamchukua, wakampeleka kwenye maombi, kisha kwa mganga, na baada ya miezi mitano wakamfikisha katika hospitali ya kaunti ambako muuguzi wa magonjwa ya akili alimsikiliza kwa saa nzima.

Habari kama hii inaposimuliwa, aghalabu lawama huwaangukia jamaa. Husemwa kwamba Wakenya wamezama katika ushirikina na kwamba dawa ya tatizo hili ni kuelimisha umma. Nina shaka na hukumu hiyo. Kijana huyu hakuanzia kwa mganga. Alianzia hospitalini, tena mara tatu, na hospitali ndiyo iliyomrudisha nyumbani bila kumtambua.

Hebu tutazame jinsi huduma zenyewe zilivyopangwa. Hospitali ya Mathari ilianzishwa Nairobi mwaka 1910, mahali palipokuwa pametengewa wagonjwa wa ndui. Tangu mwanzo, basi, shabaha ilikuwa kumtenga mgonjwa na watu. Daktari J. C. Carothers, aliyeisimamia hospitali hiyo tangu 1938 hadi 1950, aliandika kitabu kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953, humo akidai kwamba Mwafrika hatumii ipasavyo sehemu ya mbele ya ubongo wake. Nadharia hiyo imekwisha kutupwa, lakini ramani iliyoachwa na wakoloni haijafutika. Pamekuwapo vitengo penginepo, mathalani Port Reitz kule Mombasa na Gilgil, hata hivyo kwa miongo mingi mgonjwa aliyezidiwa amekuwa akitazamiwa kusafiri hadi jiji kuu. Ugatuzi ulipoanza mwaka 2013, hospitali za wilaya zilikabidhiwa kaunti, ilhali Mathari, kwa kuwa ni hospitali ya rufaa ya taifa, ilibaki mikononi mwa serikali kuu. Mei mwaka huohuo wagonjwa 40 walitoroka humo, na magazeti yakaandika kana kwamba ni wafungwa waliovunja jela.

Ndiyo maana jina lenyewe limegeuka tusi. Mtoto wa shule ya msingi ambaye hajapata kufika Nairobi humwambia mwenzake kwamba anafaa kupelekwa Mathari. Nani atakayekwenda kwa hiari yake mahali ambapo jina lake ni tusi?

Sheria nayo ilichangia. Chini ya Sheria ya Afya ya Akili ya 1989, afisa wa polisi alikuwa na uwezo wa kumkamata mtu aliyeonekana kurukwa na akili na kumfikisha hospitalini, na kwa familia nyingi mlango wa matibabu ukawa kituo cha polisi. Isitoshe, kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimfanya mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu. Mzazi aliyemwokoa mwanawe alikuwa na sababu nzuri ya kumdanganya daktari kuhusu yaliyotokea, au kutomwendea kabisa. Sheria ya 1989 ilifanyiwa marekebisho mwaka 2022, na Januari 2025 Mahakama Kuu ikaamua kwamba kifungu hicho cha 226 kinakiuka Katiba. Ni hatua za kupongezwa, ingawa hofu iliyojengwa kwa vizazi haibomolewi kwa hukumu moja.

Sasa mlinganishe mganga. Hukaa kijijini. Hufungua mlango usiku wa manane. Humkaribisha mgonjwa pamoja na mamake, shangazi na ndugu zake, akawauliza wote. Hukubali kulipwa kidogo kidogo, pengine kuku sasa na fedha baada ya mavuno, ilhali Bima ya Afya ya Jamii ilipoanza Oktoba 2024 iliwataka wasio na mshahara walipe mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo. Pwani, mgonjwa atasomewa na kupewa kombe, na maneno atakayoambiwa yatakuwa yale aliyoyasikia tangu utotoni. Mtu anayekwenda huko anatumia huduma iliyo karibu, iliyo wazi na inayomwelewa. Sioni ushirikina katika hesabu hiyo.

Hapa niruhusiwe kuingia katika uwanja wangu. Kitenzi *ganga* maana yake ni kutibu, na methali ya yaliyopita si ndwele, tugange yajayo, inalihifadhi neno hilo na la maradhi pamoja. Tanzania hadi leo mkuu wa madaktari serikalini huitwa Mganga Mkuu. Sisi Kenya tumemwachia mganga miti shamba na ramli, tukampa daktari koti jeupe, kisha tunashangaa kwamba wananchi hawafuati mpaka tuliouchora sisi.

Tatizo kubwa zaidi ni neno *akili*. Katika Kiswahili akili ni utambuzi, lakini vilevile ni werevu. Mwalimu anayesema mwanafunzi fulani hana akili hamaanishi kwamba ni mgonjwa. Kwa hiyo kijana wa chuo kikuu akiambiwa ana ugonjwa wa akili husikia kwamba kile kitu pekee kilichomfikisha chuoni kimeharibika. Hatalitamka neno hilo mbele ya daktari. Atasema kichwa kinawaka moto, moyo unaenda mbio, mawazo yamemzidi. Mhudumu aliyesomea kazi yake kwa Kiingereza, mwenye foleni ya watu sitini nje, atasikia kichwa na moto, kisha ataandika malaria. Istilahi kama *sonona* zimo katika kamusi, wala sizidharau, lakini mgonjwa hazijui na mhudumu hazitumii.

Sipendi kudhaniwa kwamba ninawatukuza waganga na wahubiri. Wapo wanaowafunga wagonjwa minyororo, wapo wanaowacharaza na kuwanyima chakula kwa kisingizio cha kutoa pepo, na wapo wanaowaamuru waache dawa. Hao wanastahili kushtakiwa. Hata hivyo, kule Makueni watafiti waliwahi kuwakutanisha waganga wa jadi, viongozi wa dini na wahudumu wa zahanati ili waelekezane kuhusu dalili na kupelekeana wagonjwa. Jambo kama hilo linawezekana pale tu zahanati ina mtu wa kumpokea anayeletwa, na dawa ya kumpa.

Na hapo ndipo penye kiini. Jopo lililoongozwa na Daktari Frank Njenga lilipendekeza mwaka 2020 kwamba maradhi ya akili yatangazwe kuwa janga la taifa. Mwaka 2023 serikali iliwatuma vijijini wahudumu wa afya ya jamii wapatao laki moja, wakiwa na mikoba yenye vifaa vya kupima shinikizo la damu na sukari. Mikoba hiyo ni mizuri. Lakini akili haina mashine ya kupimia, hupimwa kwa maswali, na maswali hayo yanapaswa kutungwa kwa Kidigo, Kikamba, Kiturkana na Kiswahili cha mitaani, na watu wanaojua mgonjwa husemaje anapoumwa. Idara zetu za lugha zina wanafunzi wa uzamili wanaotafuta mada za tasnifu kila mwaka. Sijapata kusikia hata mmoja akielekezwa huko, na lawama hiyo naichukua mimi pia.

Yule kijana amerejea darasani na fonolojia yake ingali kali. Kila mwezi hukosa mhadhara wangu mmoja wa Alhamisi, kwa sababu hiyo ndiyo siku pekee ya juma ambapo kliniki ya akili hufunguliwa katika hospitali ya kaunti anakochukua dawa, mwendo wa saa tatu kwa matatu. Wenzake nimewaambia amekwenda kwa daktari. Hawajauliza ni daktari wa nini.